Gurudumu la Kushoto

Tulikuwa idara tatu na birika moja la kahawa.
Wa muziki walishuka kutoka ghorofa ya nne na viola zao,
sisi wa kompyuta tulipanda kutoka chini, macho mekundu,
wa jukwaani wakaja mwisho, miguu mitupu,
na Gent ilikuwa ikinyesha Novemba yake ile ile,
tramu ikipita chini ya dirisha
na kuacha mngurumo katika kila tulichorekodi.

Swali letu, kwenye fomu ya kuombea fedha, lilikuwa refu.
Kwa ufupi: mashine yaweza kumsikiliza mtu?
Si kumfuata. Mkia nao hufuata.
Kumsikiliza, ndipo ijibu.

Hadewych alipiga viola siku tisini na mbili.
Wannes alicheza, vihisi vimefungwa viwikoni na magotini.
Mimi nilikaa nyuma ya skrini nikiilisha mashine sauti
kijiko kwa kijiko, kama uji wa mgonjwa.
Ikajua. Kila jioni, saa kumi na moja na dakika chache,
kabla upinde haujagusa uzi,
ilitoa sauti nzito, laini,
kana kwamba imemwona akivuta pumzi.
Profesa Seynaeve alitokwa na machozi, akasingizia mafua.
Tukaandika makala: mashine imejifunza pumzi ya mwanamuziki.
Tukaweka na grafu.

Usiku wa onyesho: watu mia mbili na kumi,
makoti yananuka mvua.
Hadewych akavuta pumzi.
Kimya.
Akavuta nyingine.
Mtu wa safu ya tatu akakohoa kwa adabu.
Wannes katikati ya jukwaa, mguu mmoja hewani, paja linatetemeka.
Mimi napekua msimbo: mzima, hauna kosa hata moja.
Inasubiri tu.
Unasubiri nini, we mwana wa nyaya?

Nikakumbuka kwa sikio kabla ya akili.
Korido. Saa kumi na moja na dakika chache.
Nevena, msafishaji wa ghorofa ya pili, na toroli lake la ndoo,
gurudumu la kushoto lililokaukiwa mafuta,
*kwiii, kwi, kwiii,*
kila jioni, siku tisini na mbili, mlangoni petu.
Hiyo ndiyo pumzi tuliyoichorea grafu.

Na leo Jumamosi. Nevena yuko kwake, miguu ndani ya beseni,
wala hakuna aliyemwalika.

Basi nikasimama, mtu mzima mwenye shahada tatu,
nikalia kwa mdomo mbele ya watu wote: *kwiii.*
Wakacheka.
Hadewych hakucheka. Naye aliisikia siku tisini na mbili.
Akapeleka upinde nyuma ya daraja la viola,
pale nyuzi zilipo fupi na chungu, akakwaruza.

Gurudumu likalia, lisilokuwapo pale,
chuma kikaitikia, kwa sauti nzito tele,
mguu ukatulia, jukwaani polepole,
ukumbi ukasikia, toroli na ndoo ile.

Jumatatu nilimngoja koridoni.
Nikamweleza yote, mikono ikinisaidia.
Nikamwomba aniandikie jina lake kwa herufi sahihi,
litakuwa la nne kwenye makala mpya.
Aliandika. Akauliza kama kuna malipo.
Nikasema hapana.
Kisha akasema, bila hasira,
kama mtu anayetaja bei ya vitunguu:
“Miaka sita naomba mafuta ya gurudumu hili.
Kila usiku nalisikia usingizini.”

Sikuwa na neno.
Nilirekodi mara moja tu, dakika mbili, kwa ruhusa yake.
Kisha nikapiga magoti sakafuni aliyotoka kuipiga deki
nikatia mafuta, tone, tone jingine,
yeye akisukuma mbele, nyuma, mbele,
hadi likanyamaza.

Jioni ile alipita mlangoni
na hakuna aliyejua kuwa amepita.
Ndani, mashine ilikuwa inasubiri.
Sijaifundisha tena bado.
Nimeiacha wiki hii isubiri.